Ami Seif na Sinema Zisizosema

Wenzangu mliokulia Ibra, kule Omani, wazee wetu walipokuwa ndio kwanza wamerejea kutoka Unguja, mtanielewa. Sisi hatukuwa na vichekesho kiganjani. Vyetu vilikuja kwa gari, tena vikichelewa.

Ami yangu Seif alikuwa na projekta kuukuu ya kuonyeshea filamu za kuchekesha zisizo na sauti. Kila filamu ilikuwa na mikanda miwili, naye alishirikiana filamu hizo na rafiki yake wa mji wa Al Kamil. Ukishaonyeshwa kule, mkanda hupakiwa kwenye gari la mboga ukaletwa kwetu. Siku ya kutangaza, ami alivaa kanzu ya mtu mnene, akajifunga mgongoni ubao ulioandikwa siku na saa, akapita sokoni bila kusema neno. Anajikwaa, anaanguka, anainuka, anamwinamia mbuzi kwa adabu kama anamwamkia mzee. Watoto tulimfuata mbavu zikituuma.

Ijumaa moja baada ya alasiri, ghala la tende alimoonyeshea filamu lilijaa wanawake na watoto. Alikuwemo bibi yangu, mama yake ami, ambaye tangu babu kufariki alikuwa hatoki nyumbani. Ami ndiye aliyembembeleza mpaka akaja. Mkanda wa kwanza ukamalizika, wa pili haujafika. Wadi, lile korongo linalokauka mvua isiponyesha, ilikuwa imeshuka na maji, njia ya Al Kamil imekatika.

Bibi akaanza kufunga buibui lake. "Seif mwanangu, nirejeshe nyumbani."

"Kaa kidogo, mama. Mwisho wake naujua."

Akasimama mbele ya shuka nyeupe, taa ya projekta ikimmulika, akaucheza mwisho wote peke yake. Mwizi yeye, askari yeye, bibi harusi yeye. Hakutamka neno. Bibi alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama yangu akalia kwa kumwona anacheka.

Juma la pili mkanda ulifika, tukautizama. "Wa Seif ulikuwa mzuri zaidi," bibi akasema. Tangu hapo hakukosa onyesho hata moja.

Leo wajukuu zangu wamekaa sebuleni, kila mmoja na simu yake, vidude masikioni. Mmoja akicheka, mimi humuuliza, "Unacheka nini, habibi?" Hunijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, wewe hutafahamu." Siwalaumu. Vichekesho vyao vinafika kwa kufumba na kufumbua, wala wadi haivizuii. Ila hakuna anayepita mlangoni kwetu kutuita tukacheke pamoja.