Pole ya Baba

Baba yangu aliishi Kenya zaidi ya nusu ya umri wake na akakataa neno moja tu la Kiswahili. Neno lenyewe ni pole. Alikula ugali kwa mkono, akajua kubishana bei sokoni, akaweza hata kutukana Kikalenjin spana ilipomponyoka, lakini pole ilimshinda. Mimi ndiye niliyemuuguza miaka yake ya mwisho, na nasema wazi kwamba katika uchovu wangu wote nilikuwa nikiingoja hiyo pole kutoka kwake. Sikutaka shukrani. Pole tu.

Alitoka kusini mwa India akiwa kijana, injinia wa pampu za maji, akaletwa upande wa Kariandusi kushughulikia visima vya mashamba. Alikuwa hajakaa wiki, pampu moja ikaungua. Wafanyakazi, watu na heshima zao, wakapita mmoja mmoja kumwambia, "Pole, boss." Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia vitabuni, na humo alikuwa amesoma kwamba pole ni kuomba radhi. Akaduwaa. Mbona kila mtu anakiri? Akaanza kuwahoji: "Wewe ulifanya nini?" Hata mpishi alipoleta pole yake pamoja na chai, aliulizwa alikuwa akitafuta nini karibu na pampu. Mpishi huyo alikuwa msichana wa Olenguruone. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye lile vumbi jeupe la huko.

"Boss, hakuna mwenye ameharibu," akamwambia. "Wanakuonea tu huruma."

Baadaye akawa mama yetu.

Basi maana aliielewa, ila hakuikubali. Kwake kitu kikiharibika kuna sababu, na sababu ina mwenyewe. Nilipoanguka kutoka juu ya mpera, alikagua tawi lililovunjika kabla ya kukagua goti langu. Nililia kwa wivu, nalionea wivu tawi. Kesho yake matawi yote mabovu yalikuwa yamekatwa na chini ya mti amemwaga mchanga laini. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake. Maji ya kwetu huyafanya meno kuwa ya kahawia, kwa hivyo alitutengenezea chujio la mapipa na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kunywa tone la maji mengine. Tukakua na meno meupe, mtaani wakadhani tunaringa. Mtu kama huyo utamlaumu vipi? Na bado nilimlaumu.

Mama alipofariki tulimzika kwao, juu Olenguruone, siku ya baridi na matope. Watu walipanga foleni kumshika Baba mkono. "Pole, Injinia." Naye, macho mekundu, akamjibu kila mmoja, "Si makosa yako." Shangazi mmoja wa Mama aliuachia mkono wake kama umemchoma. Nilipita nyuma ya Baba nikitengeneza alipobomoa, "Asante, mathe, asante sana, mzee," mpaka koo likanikauka. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini awaaibishe watu wa mama. "Wote wakisema pole," akasema, "nani atatafuta kilichoharibika?"

Familia aliipanga kama alivyopanga mabomba. Kaka zangu wawili aliwatuma ng'ambo wakasome na wabaki huko. Mimi kitinda mimba aliniambia niache kazi Nairobi nirudi kwetu Milimani, kwa kuwa mtu mmoja anatosha nyumbani. Sote tukapita palepale alipotuelekeza. Halafu kiharusi kikamlaza upande mmoja, na yule mtu mmoja aliyetosha nikawa mimi.

Kuuguza kunachosha, na anayekuambia vingine hajawahi kuuguza. Nilimwosha, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza asipate vidonda, nikafua shuka zilezile hadi nikazichukia. Kaka zangu walipiga simu ya video kila Jumapili. "Pole, siz. Uko strong sana." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pole zao zilikuwa nyingi, ningeweza kuzianika kwenye kamba pamoja na shuka.

Mchana mmoja maji ya mfereji yakapotea, nyumbani kwa injinia wa maji. Nilibeba mitungi kutoka kwa tangi la jirani, nikaenda na kurudi, nikapasha, nikamwosha, nikambadilisha. Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda chake, karai la maji machafu kando yangu. Sikuwa na nguvu hata za kulia.

"Pole," akasema.

Mdomo wake ulikuwa umepinda. Nikadhani anaitisha kitu. Akarudia. Hapo nikageuka, na badala ya kufurahi nikapandwa na hasira. "Pole ya nini, Baba?"

Aliyatafuta maneno moja moja, kama mtu anayetafuta skrubu gizani.

"Mzigo umezidi," akasema. "Hesabu nilipiga mimi."

Miaka yote nilikuwa nimengoja pole yetu, hii tunayopeana hata na mtu tusiyemjua akijikwaa barabarani. Baba hakuwa nayo. Alinipa ile yake ya tangu Kariandusi, ya mtu anayekiri kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Nilipoielewa iliniuma kuliko kama ningenyimwa.

Jibu lake nililijua, nilikuwa nimelisikia foleni nzima pale kaburini kwa Mama.

"Si makosa yako, Baba," nikamwambia.

Yalikuwa makosa yake, na sote wawili tulijua. Nikamshika ule mkono mzima, kisha nikainuka nikaenda kumwaga maji.