Afya ya Shosho wa Kitabuni

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la vitabu hapa Nakuru nikiulizia riwaya zitakazotoka kabla ya Krismasi. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyetoka Bahati, nje kidogo ya mji, mkoba kifuani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Boss, sehemu ya pili ya ile riwaya inakuja lini?" akamuuliza muuzaji.

"Mwezi wa kumi na moja, mathe. Nikuwekee kopi?"

"Hapana, chama chetu cha kusoma kimeshaagiza." Akaeleza kwamba wako kumi na wawili, hununua kitabu kimoja, kinakaa wiki moja kila nyumba, na zamu hupigiwa kura. Safari hii yeye aliokota karatasi ya zamu ya mwisho.

"Si ujinunulie yako?" nikadakia.

Alinitazama kuanzia viatuni. "Nimalize peke yangu, halafu nikae nao wiki hizo zote nimefunga mdomo?"



Kisha akainamia kaunta, akashusha sauti. "Niambie tu kitu kimoja. Yule shosho, bibi wa kwenye hadithi, tulimwacha amelazwa hospitalini. Alipona?"

Muuzaji alitoa bango la tangazo, akalikunjua. Kwenye picha ya jalada la sehemu ya pili, shosho alikuwa shambani, jembe mkononi.

Mama alishusha pumzi, akaketi juu ya boksi la madaftari. "Basi nitangoja."

Hata mimi nilipata nafuu, na sehemu ya kwanza sijaisoma.

Mlangoni akageuka. "Wenzangu wakikuja, hilo bango usiwaonyeshe. Wacha na mimi niwe wa kwanza kujua kitu."

Mdomo huo sidhani ulifika Bahati ukiwa umefungwa.