Udongo Hupishwa Njia

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nasalimia kila kilichopita, hadi mbuzi wa watu. Mdomo wangu haukuwa na kituo. Bibi, mama yake baba, aliyenilea kijijini Mungaa, alizoea kusema kwamba mimi nikilala ndipo nyumba inapata kupumua. Ndiyo maana wanaonijua tangu zamani hucheka wanapofika kwenye karakana yangu hapa Singida mjini na kukuta sharti la ajabu: udongo ukianza kushushwa kutoka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka uingie ndani na kufunikwa, anayeubeba haongei. Hata salamu hapokei. Mteja akifika wakati huo atasubiri getini kama mtu aliyewakuta wenzake wanasali.

Wengine husema nina maringo. Ninayo, na nimeyatolea jasho. Lakini sharti hili halikutokana na maringo. Nililipata nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi, na nusura nichapwe kwa ajili yake.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Harusi nyingi za kule kwetu zilipikiwa kwenye vyungu vyake, na mitungi yake ya maji ilikaa kwenye pembe za nyumba hata za watu wasiompenda. Udongo tulichimba bondeni, kwenye shimo ambalo mama yake na bibi yake walilichimba kabla yake, na shimo hilo lilikuwa na mwiko. Ukishajitwika udongo, hufungui mdomo mpaka uutue nyumbani. Huimbi, huiti, huitiki.

"Udongo ukisikia sauti ya aliyeubeba, unageuka kutazama kwao," Bibi aliniambia. "Na ukishageuka, utaufinyanga vizuri, utaukausha vizuri, lakini motoni utakataa."

Niliamini kwa sababu nilionyeshwa. Siku moja nilikutana na jirani yetu njiani, nikamwamkia kabla sijakumbuka kilichokuwa kichwani. Bibi hakunigombeza. Aliufinyanga ule udongo, akakichoma chungu chake pamoja na vingine, na hicho kimoja tu ndicho kilicholia ndani ya moto, pa! Moto ulipopoa alichukua kigae akaniwekea kiganjani.

"Shikamoo yako hiyo," akasema.

Alinicheka, lakini mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa na jambo langu. Nilitaka kufinyanga. Bibi aliniruhusu kukanda, kusaga vigae vya zamani vya kuchanganyia kwenye udongo, hata kulainisha vyungu vyake kwa gunzi la hindi. Kuinua chombo changu mwenyewe kutoka kitako mpaka mdomo, hapana. Hilo, alisema, litakuja siku nitakayofikisha udongo nyumbani kimya, safari nzima. Mtoto mwingine angelifanya kwa wiki moja. Mimi msimu ulikwenda mwingine ukaja, na kila safari nilikuwa na neno la kusema.

Mnisamehe kidogo, maana haikuwa rahisi. Kwetu mtoto asiyewaamkia wakubwa ni aibu ya ukoo mzima. Unapiga goti kidogo, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unaendelea na safari yako. Majirani waliujua mwiko wa Bibi, nao wakituona na karai kichwani walitoka njiani, wakatazama pembeni. Mgeni hakujua. Na mimi nilikuwa nimefunzwa shikamoo kabla sijafunzwa udongo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa kiangazi, alizeti zimeshavunwa na mashamba yamebaki mabua. Tulitoka bondeni asubuhi, mimi mbele na karai langu dogo, Bibi nyuma na lake kubwa. Miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua, kwa hiyo nilimwacha. Nilivuka korongo kimya. Nilipita kisimani, wenzangu wakaniita kwa makusudi, wakanichekesha, nikauma mdomo. Nyumba yetu ilianza kuonekana. Nilishaanza kufikiria mtungi wangu utakuwa na shingo ya namna gani.

Ndipo nikamwona baba mkubwa Selemani anakuja.

Alikuwa kaka yake baba, mtoto wa kwanza wa Bibi, mwenye duka kule Mitundu. Hakuwa mtu mbaya. Alituletea sukari na madaftari, na alitusomesha. Lakini alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukukumbusha. Aliondoka kijijini kijana, akaishi na watu wa mjini na biashara zao, na mambo ya shimo la udongo alikwishayatupa huko nyuma. Alisimama katikati ya njia, begi begani, akisubiri.

Nilipiga goti kadiri karai lilivyoruhusu. Nikainamisha macho. Shikamoo ilikuwa imefika kwenye meno.

"Rehema," akasema. "Hunioni?"

Nikaimeza shikamoo, nikaitazama miguu yake.

"Wee mtoto! Mimi nimekuwa kisiki?"

Nilijaribu kupita pembeni, akahamia pembeni. Akauliza kama huko shuleni ndiko nimefundishwa dharau. Akauliza kama ni mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi mbali na sisi, aliyenilea hivyo. Hapo machozi yalinitoka, maana mama yangu hakuwa na kosa. Niliyaacha yateremke, sikuwa na mkono wa kuyafuta. Baba mkubwa akaweka begi chini, akaenda kichakani, akavunja fimbo.

Ningeweza kusema neno moja tu na yakaisha. Mpaka leo nalikumbuka lile neno lilivyokuwa jepesi. Lakini ningelisema, ningerudi kukanda na kusaga, na kusubiri tena, na nilikuwa nimechoka kusubiri. Nilishika karai kwa mikono miwili nikangoja fimbo.

"Sele!"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa ametokea kwenye kona ya njia, anahema, karai lake kubwa kichwani.

"Sele, shusha hiyo fimbo. Mpishe mtoto njia."

"Mama, huyu hana adabu. Nimesimama mbele yake kama mti."

"Nimemtuma mimi. Ukitaka kuchapa, nichape mimi. Aliyebeba udongo anapishwa, hata awe mtoto. Toka njiani!"

Baba mkubwa akatoka njiani. Nikapita. Nyuma yangu niliwasikia wanabishana, yeye akisema hayo ni mambo ya kizamani, mtoto wa kike asiyesalimia ataolewa na nani. Bibi akajibu kwamba nitaolewa na anayejua kupisha. Nilifika nyumbani, nikautua udongo kwenye kona yake, nikaufunika kwa gunia bichi. Kisha nikarudi uani, nikapiga goti vizuri kabisa, na baba mkubwa alipoingia nikasema kwa sauti ya kusikika na jirani:

"Shikamoo baba mkubwa."

"Kaa nayo," akasema, akapita.

Iliniuma sana. Siku za baadaye nilimwamkia mara nyingi naye aliitikia kama kawaida, alikula ugali wetu, aliendelea kutulipia shule. Lakini ile ya siku ile hakuipokea, na sote wawili tulijua.

Bibi aliingia baada yake. Karai lilikuwa bado kichwani. Nilikimbia kumsaidia kutua, nikamwelekeza kwenye kona yangu, akatikisa kichwa. Aliuweka udongo wake upande mwingine wa ukuta, peke yake, bila kuufunika. Ndipo nilipoelewa. Aliongea akiwa na mzigo kichwani, yeye ambaye sikuwahi kumsikia hata akikohoa njiani.

"Wako umefika kimya," akasema. "Kesho utafinyanga."

"Na wako, Bibi?"

"Wangu tutauona motoni."

Angeweza kuumwaga, tungerudi bondeni. Hakuumwaga. Alikuwa ameombwa chungu kikubwa cha harusi, na nadhani pia alikuwa mbishi kama mimi, alitaka kuona. Alifinyanga chake kwa udongo wake, nami nikafinyanga changu kwa wangu, mtungi mdogo ambao shingo yake ilipinda kushoto kila nilipoipa kisogo. Bibi hakuinyoosha. Tulivikausha ndani, mbali na upepo wetu wa Singida usiojua kubembeleza, kisha tukavipanga juu ya samadi kavu na kuni, tukawasha.

Kililia kimoja tu. Nilifunika uso nikijua ni changu. Majivu yalipopoa, mtungi wangu ulikuwa umekaa palepale, mwekundu, na doa jeusi la moshi ubavuni, shingo yake bado kushoto. Chungu cha Bibi kilikuwa vigae.

 Bibi akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Nilisema mengi," akasema. "Ningesema 'Sele' tu, labda kingekuwa na ufa mmoja."

Sasa mimi ni mtu mzima na natengeneza vyombo kila siku ya Mungu. Asubuhi, kabla Neema, binti ninayefanya naye kazi, hajafika, nakanda udongo mpaka mikono ipate joto, ndipo nakaa kwenye gurudumu la kufinyangia. Mchana ni wa kuweka vishikio vya vikombe na kubishana na wateja wa hoteli wanaotaka sahani zilizonyooka kama za kiwandani. Nawaambia waende kiwandani. Jioni ni ya majaribio, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Nachukua majivu ya maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamulia mafuta, nayachekecha, nayachanganya na unga wa mawe yetu haya makubwa yaliyotapakaa mjini kama mifugo iliyolala. Napaka, nachoma kwenye tanuri la gesi, mchanganyiko unayeyuka na kukivika chombo kioo. Mara ya kwanza uliteremka wote, ukagandisha vikombe kwenye rafu za tanuri, nikavibandua kwa nyundo na matusi. Nilipunguza majivu, nikaongeza jiwe, nikachoma tena, nikaharibu tena. Sasa ninayo rangi ya asali ya Itigi, na hakuna mwingine aliye nayo hapa mjini. Vipande vya majaribio nimevitundika ukutani kwa waya, vibaya na vizuri, kwa sababu vyote nimevifanya mimi.

Kwa hiyo najua kwa nini chombo hupasuka. Najua kitako kinene kikibaki na unyevu katikati, mvuke utatafuta pa kutokea. Chungu cha harusi kilikuwa kikubwa, na Bibi alikikausha kwa haraka kwa kuwa siku ya harusi ilikaribia. Naweza kukueleza hayo yote huku nakunywa chai. Na bado, kirikuu kikileta udongo kutoka lile shimo la Mungaa, mzigo wa kwanza naubeba mimi, kichwani, na mdomo naufunga.

Sibebi kimya kwa kuogopa. Ni kwamba siku ile nilikuwa mtoto wa kike, mdogo kuliko wote njiani, ninayetakiwa kumpisha kila mtu, na mtu mzima akatakiwa kunipisha mimi kwa sababu ya kazi niliyobeba. Sijawahi kusahau ilivyokuwa kupita pale. Bibi alijua sauti yake itamgharimu nini, akaitoa ili mimi nipate kunyamaza. Kila ninaponyamaza namkumbuka, na nampenda upya.

Mwaka huu baba mkubwa aliletwa mjini kutibiwa macho. Sikujua kama angefika kwangu siku hiyo. Nilikuwa nimetoka kwenye kirikuu, karai kichwani, nusu ya njia ya saruji kuelekea mlangoni, nikamwona anaingia getini na mkongojo wake. Amekuwa mwembamba. Alinitambua, uso ukafunguka, akainua mkono kuniita.

Kisha akaliona karai.

Mkono ukashuka. Akajivuta taratibu mpaka kwenye kokoto, nje ya njia, akaegemea ukuta na kutazama pembeni, kama walivyokuwa wakifanya majirani wa Mungaa. Neema alitaka kumpelekea kiti, akamkataza kwa kidole.

Nilipita. Niliutua udongo, nikaufunika kwa gunia bichi, nikanawa mikono. Kisha nikatoka, na umri wangu huu nikapiga goti mpaka chini.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika kichwa, pale karai lilipokuwa. "Na ile ya Mungaa. Naipokea na ile."

Nilimchotea maji kwenye mtungi wenye shingo iliyopinda, akanywa akamaliza. Natamani Bibi angeisikia ile marahaba. Yeye ndiye aliyeilipia.