Pua Isiyoulizwa

Kwetu Taita mgonjwa wa pumu hatibiwi tu, huhamishwa. Akizidiwa Wundanyi, watu husema ni baridi na ukungu, ateremshwe Voi apate joto. Akizidiwa Voi, husema ni vumbi letu jekundu, apandishwe mlimani apate hewa safi. Dada yangu mkubwa alipanda na kushuka hivyo kwa miaka, na kila alikofika alipata nafuu ya muda, ya kutosha tu kuwapa ushindi waliomshauri. Mimi nilikuwa mtetezi mkuu wa joto. Udaktari sikuusomea, lakini nina shahada, na mwenye shahada hukosea kwa sentensi ndefu.

Mara ya mwisho nilimchukua mwenyewe, muda mfupi baada ya kumzika shemeji, mumewe. Nyumba yake ya Wundanyi ikafungwa, shamba lake la maharagwe akaachiwa jirani. Kwangu Voi aliketi wima kitini, mikono magotini, akitafuta pumzi, na inhela, dawa yake ya kuvuta kwa mdomo, haikumsaidia tena kama zamani. Hakuogopa kufa. Aliogopa mahali.

“Nisifie kwa watu,” aliniambia.

“Hapa ni kwangu, dada.”

“Ndiyo. Kwako.”

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Nilimweleza habari ya baridi, joto na ukungu kwa kirefu, naye akaniacha nimalize. Kisha akamgeukia dada na kumwuliza pua yake imeziba tangu lini.

Dada alinitazama kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. “Pua? Pua ni yangu tu hivyo, daktari. Nimeletwa kwa kifua.”

Alisema kweli. Tangu ujana wake alipumua kwa mdomo na kuongea kama mwenye mafua, na kitambaa alikikaza kwenye paji la uso kutuliza maumivu ya kichwa. Nyumbani tulidhani hiyo ndiyo sauti yake. Tuliiga kwa mapenzi.

Daktari alituambia ana sainasi sugu: mashimo ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso yamevimba, na puani mmeota vinyama laini. Njia ya hewa ni moja, alisema, huanzia puani na kuishia mapafuni. Uvimbe wa juu na wa chini mara nyingi huenda pamoja, na ule wa juu ukiachwa, pumu huwa ngumu zaidi kuidhibiti. Alimwandikia dawa ya kupuliza puani, akamfundisha kuisafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akampa rufaa kwa mtaalamu wa pua, na akamwonya asiache inhela.

Nikauliza, basi aishi wapi, juu au chini? Akajibu kwamba anaweza kuishi anakotaka, mradi dawa na hospitali visiwe mbali.

Dada alisafishia pua yake uani, ameinamia beseni. Akiniona dirishani alisema, “Usinichungulie, profesa. Nenda ukasome.” Polepole alianza kulala bila kuegemezwa mito. Sauti yake ikafunguka, na siku moja aliponiita kutoka jikoni nilidhani tumepata mgeni. Pumu haikuisha. Ilipungua makali, basi.

Akaniomba nimrudishe Wundanyi. Nilikuwa na hoja za baridi, zote zimepangwa vizuri, na hata moja haikuwa na miguu. Nikamrudisha.

Msimu wa ukungu ulipofika alibanwa tena, akalazwa kule kule. Alipotoka nilimpigia simu nikamsihi ashuke. Nilimsikia akivuta pumzi, ikaingia kwa shida kidogo, lakini ikaingia.

“Nikishindwa nitashuka mwenyewe,” alisema. “Kwa sasa niache nipumue kwangu.”

Nikamwuliza kama maharagwe yameota.