Mara Salma Alizoanguka

Kuna Jumanne moja ya baridi ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka thelathini, bado mbichi wa mambo. Nilikuwa nimekaa mbele ya daktari wa utafiti, binti yangu Salma mapajani, daftari letu wazi mezani, na mimi nimejaa fahari kama niliyefaulu mtihani.

Salma alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi ambao watoto wachache sana duniani wanao. Mimi na baba yake, kila mmoja alibeba kasoro ileile kwenye jeni zake bila kujua, na Salma akazirithi zote mbili. Misuli yake ilikuwa inaisha nguvu polepole. Dawa haikuwapo. Kilichokuwapo ni kituo cha utafiti, si mbali na kwetu Lanham, huku Marekani, kilichowaomba wazazi jambo dogo: kila siku andika mtoto ameanguka mara ngapi, na kama ameweza kushika kikombe mwenyewe.

Jambo dogo, na nikaliharibu. Mimi nimelelewa Tanga. Kwetu ukiulizwa habari za nyumbani unajibu njema, hata kama ndani kuna mgonjwa hoi. Kushika kalamu nihesabu mwanangu anavyoanguka niliona ni kumnung'unikia Mungu, tena niliogopa nisije nikamwitia balaa. Basi akianguka mara tano, naandika moja. Kikombe kikimponyoka, naandika ameshika. Siku nyingine naandika tu hajambo, alhamdulillahi, nafunga daftari roho imetulia.

Jumanne ile daktari alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa mama mpole, Mmarekani.

"Salma anatushangaza," akasema. "Wenzake wanapoteza nguvu, yeye hapotezi. Huenda ugonjwa wake ni wa aina nyepesi."

Mimi nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, na usinicheke.

Aliyenitoa usingizini ni Mama Wanjiru. Huyu alikuwa Mkenya mtu mzima, kazi yake kutunza wazee majumbani, na ndiye aliyenishikia Salma nilipokuwa kazini. Siku hiyo alikuwa ametupeleka kwa gari lake, akakaa nasi mle kwa daktari akisikia yote. Tulipoingia garini hakuliwasha.

"Mama Salma, hebu niambie. Hiyo kitabu unaandikia nani?"

"Madaktari."

"Jana huyu mtoto ameanguka mara sita, mimi ndio nilimwinua. Wewe umeandika moja. Sasa wakipata dawa, watajuaje imesaidia? Huyo mtoto wa kwa kitabu yako si mgonjwa. Nani atamtafutia dawa?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nililia palepale, Salma akinifuta machozi kwa mkono ambao kwenye daftari haukuwa na tatizo lolote.

Tukarudi ndani, nikamweleza daktari yote. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akapiga mstari kwenye miezi minane, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akanipa daftari jipya. Mstari ule uliniuma kuliko matusi. Miezi minane ya mwanangu ingeweza kumfaa mtoto mwingine, na mimi nilikuwa nimeitupa.

Tangu hapo niliandika kweli. Na utafiti, mwanangu, hauna haraka. Kwanza walijifunza ugonjwa unavyokwenda ukiachwa wenyewe, kwa madaftari kama letu kutoka kwa familia chache zilizotawanyika nchi mbalimbali. Wakajaribu dawa kwa panya, ikashindwa, wakatengeneza nyingine. Wakawapa watu wachache, kuona kama haidhuru. Ndipo wakaipima kwa wagonjwa wengi zaidi, wakiwalinganisha na yale tuliyoyaandika sisi. Katikati ya safari hiyo Salma aliacha kutembea. Hilo nalo niliandika, tarehe yake na saa yake.

Dawa ilimfikia ana miaka ishirini. Miguu haikurudi, na hakuna aliyetuahidi kuwa itarudi. Mikono ilibaki. Leo ana ishirini na tisa, anafanya kazi ya kompyuta kule Sterling, anakunywa chai yake mwenyewe, na nikimwambia apunguze sukari ananijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si mtoto. Nashukuru hata kwa ujeuri huo.

Mwezi uliopita mama mmoja kijana kutoka Germantown alinitembelea na binti yake wa miaka minne, mwenye ugonjwa uleule. Huyu alipimwa akiwa mchanga, akapata dawa kabla hajaanza kuanguka. Alipanda ngazi zangu mbio hadi juu, akashuka, akapanda tena, na mama yake akamkemea atulie. Salma, kwenye kiti chake cha magurudumu, akamwambia mama yule amwache apande mpaka achoke. Nilikwenda jikoni nikasimama peke yangu, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Basi shika hili, mwanangu. Ukiuguza, mseme mgonjwa wako alivyo mbele ya wanaomtafutia tiba, usimpambe. Mshukuru Mungu kwa siku nzuri, na siku mbaya iandike ilivyo, kwa sababu kuna mtoto usiyemjua anayeihitaji. Na akitokea mtu wa kukwambia kweli, usimnunie. Mwenyezi Mungu akukuzie wanao, na atakayeumwa kwenu dawa imkute miguu yake ingali na nguvu. Amina.