Nililima ntumba za jirani kwa sababu sikumwacha amalize kusema

Wakuu, habari za muda huu. Hili sikusimuliwa na mtu, limenikuta mwenyewe, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Sisi Wasukuma, tulihamia Ufipa na ng'ombe wetu, tukatua karibu na Mpui.

Soko huria limeingia, ruzuku ya mbolea imeondolewa, mfuko haushikiki. Wenyeji wengi wakarudi kwenye ntumba.

Kwa wasiojua: mvua zinapoelekea mwisho unafukia nyasi kwenye vilima vidogo vya udongo, ndizo ntumba zenyewe. Zinaoza humo, msimu unaofuata unavisambaza na kupanda ulezi. Mbolea ya bure kabisa!

Mimi nilikuwa kijana wa plau, mdomo mwingi. Mtu akianza sentensi, mimi nishaimalizia. Nilijiona mwepesi wa kuelewa, kumbe hovyo tu.

Siku hiyo akaja jirani yetu Mama Deo, mjane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba unilimie kule chini, nipande maharage. Ila huku juu..."

"Nimekuelewa mama, wala usijali!"

Nikafunga maksai. Nikalima chini, nikamalizia na juu, ntumba zote nikazisawazisha, nyasi mbichi nje nje. Na mluzi napiga!

Mama Deo alipofika alikaa chini. Kwenye ntumba zile ndipo angepanda ulezi wa pombe ya harusi ya Deo, mwanaye wa pekee.

"Sikuwa nimemaliza," akasema. Basi.

Wakuu, bora angenitukana.

Baba akaninyang'anya plau, akanipa jembe la mkono. Nikaanza kufukia upya, ntumba moja moja, Mama Deo akielekeza. Nikajiwekea sheria: mtu amalize kwanza, ndipo nimrudishie alichosema.

"Kwa hiyo mama, nyasi kwanza, udongo juu, nisishindilie?"

"Eeh, ndivyo."

Hapo ndipo utamu ulipoanza! Kumbe watu wana mambo! Akanieleza ng'ombe wetu wanapita wapi vibaya, na nani amenuna kimya kimya. Tumekaa pale miaka miwili hatujui! Baba akabadili njia wiki ile ile, majirani wakaanza kutusalimia.

Na msimu uliofuata, wakuu, ulezi ulikubali!

Karibu na mavuno Mama Deo akaja kwa baba.

"Naomba kijana wako awe mshenga wa Deo, aende Matai kwa wakwe."

Baba akashtuka. "Huyu Msukuma? Ndugu zako hawapo?"

"Wapo. Ila huyu ataniletea maneno yote kama yalivyosemwa."

Nilitaka kuruka kwa furaha, nijibu ndiyo palepale. Nikajikaza, nikamuuliza kama amemaliza. Mama Deo alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilichojifunza: kuwahi kuelewa ni njia nyingine ya kutosikiliza. Na mtu akimaliza kusema, subiri kidogo, mara nyingi bado lipo moja.

Haya, nanyi mlishawahi kuharibu nini kwa kumkatisha mtu? Semeni, leo sijibu mpaka wote mmalize.