Binti Aliyelala, Alivyosimuliwa Bulla Pesa

Katika mtaa wetu wa Bulla Pesa, mwanamke akisimulia hadithi, msikilizaji mmoja lazima aitikie "ehe" kila msimulizi anapotua. Asipoitikia, msimulizi hawezi kwenda mbele, kwa sababu hakuna aliyempa ruhusa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Ukisinzia, alikuwa anamwacha jini wa hadithi mlangoni na kwenda kulala zake.

Miaka ya sabini ilipokuwa ikiisha nilikuwa darasa la saba, na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alikuwa ameshaniposa. Baba hakuwa amempa jibu. Mimi nilitaka kwenda sekondari, lakini hakuna aliyeniuliza, nami sikuthubutu kusema.

Basi wiki moja likaja gari la sinema, shuka jeupe likatundikwa uwanjani baada ya magharibi. Filamu ilikuwa ya binti mfalme aliyerogwa akalala miaka mingi, mpaka kijana wa kifalme kutoka mbali akaingia chumbani akambusu. Wanaume wakapiga miluzi. Shangazi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akiitikia "ehe" kwa adabu zote, alinyamaza makusudi. Filamu ikaendelea tu. Alinung'unika njia nzima.

"Hadithi gani hii haingojei mtu?"

Kesho yake wanawake wa plotini kwetu, wapangaji wenzetu wa ua mmoja, waliokosa sinema wakamtaka awasimulie huku wakipepeta mchele. Alisimulia vizuri kuliko filamu yenyewe, nasema bila aibu. Mwitikiaji alikuwa mama. Shangazi alipofika kwenye busu, mama akafunga mdomo.

"Mbona umenyamaza?"

"Huyo mtu ameingia nyumba ya watu bila hodi," mama akasema. "Na msichana amelala. Nani amemuuliza?"

Wanawake walicheka, lakini ehe haikutoka. Ikabidi shangazi arudi nyuma. Safari hii binti aliamka mwenyewe kwa kiu, akamkuta kijana amesimama mlangoni, akamuuliza anatafuta nini. Hapo waliitikia wote kwa pamoja.

Siku hizi nawasoma wasomi wa kike wanaochambua hadithi hizo, na naona filamu mpya ambazo binti ndiye anayeshika upanga. Nazipenda, nazitazama mara mbili mbili. Lakini sijaona toleo linalolishinda lile la plotini kwetu.

Jioni ya siku ile ya kupepeta mchele, baba akatukalisha. Akaeleza kwamba yule mchumba ni mtu wa dini. Akatua, akingoja ehe. Akasema ana mifugo mingi na hana maneno mengi. Akatua tena. Mama aliangalia birika la chai. Shangazi alimwangalia baba. Baba akarudia yale ya mifugo, akakohoa, akaishiwa.

"Sasa nyinyi mnataka niseme nini?"

"Si sisi, ndugu yangu," shangazi akasema. "Mwenyewe yuko hapa."

Nikamgeukia shangazi anisemee, maana yeye alijua yote yaliyokuwa moyoni mwangu. Hakunisaidia hata kwa neno moja, na kwa muda mfupi nilimchukia kweli kweli. Kisha nikasikia sauti yangu, nyembamba, ikimwambia baba kwamba nataka kusoma.

Baba akanigeukia.

"Kusoma nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Kila kitu," na kesho yake baba akaenda mwenyewe kuikataa ile posa.